Wachoma Nyama wa Kenyatta Market

Kundi la WhatsApp la shule linaweza kupanga safari ya Naivasha tangu Januari hadi Novemba na isifanyike. Huyu hatumi mchango, yule ana zamu kazini, wa tatu ameenda matanga. Lakini mtu akiandika tu "Jumamosi, Kenyatta Market", watu hufika.

Sifa ni za wachomaji. Pale karibu na Barabara ya Mbagathi unachagua mbavu au mguu wa mbuzi buchani, unapimiwa kwa kilo, kisha nyama inapelekwa makaani bila haraka. Kungoja huko ndiko kunakotukutanisha. Anayetoka mjini anakwama kwenye foleni, wa Kangemi anabadilisha matatu, na bado wote wanakuta gumzo limepamba moto: nani aliruka ua usiku kufuata chapati, nani alimchongea nani kwa mwalimu wa zamu. Baadhi ya waliofanya KCSE ya kwanza, mwaka 1989, sasa wana wajukuu. Hapa bado wanaitana majina ya utani ya kidato cha kwanza.

Mchomaji husikia yote na hasemi neno. Huikata nyama juu ya ubao, huacha rundo dogo la chumvi pembeni, ugali na kachumbari hufuata. Hoteli za Westlands zina viti vizuri zaidi, sikatai, ila huko hakuna anayemcheka aliyekuwa kiranja huku vidole vikimeremeta mafuta.

Basi mkichanga pesa za nyama, mkumbukeni na aliyesimama kwenye moshi.