Kumsifu Mgema

Methali imemponza mgema. Kila mtoto wa shule anajua kwamba akisifiwa tembo hulitia maji, basi watu wameona usalama ni kutomsifu kabisa. Mimi tembo silinywi, na nyumbani kwetu halivuki kizingiti. Lakini nimewatazama wagema wa Kilwa na Lindi vya kutosha kuona kwamba mkono wao unastahili sifa, hata kwa asiyegusa kata.

Mgema hangoji nazi. Anachotaka ni karara, lile ganda linalofunika maua ya mnazi kabla halijapasuka. Hulifunga kamba ili lisifunuke, kisha kwa siku kadhaa hulivuta kidogo kidogo mpaka liiname bila kuvunjika. Likishainama, hukata ncha na kuning'iniza kibuyu. Baada ya hapo kazi yote ni ya kotama, kile kisu kilichopinda anachokinoa kuliko mkewe anavyonoa kisu cha jikoni. Asubuhi hupanda, huteremsha kibuyu kilichopata maji, huchonga tena ncha ya karara, hufunga kibuyu kingine. Jioni hurudia. Kipande kinachoanguka huwa chembamba kama gamba la kitunguu, na hapo ndipo ufundi ulipo. Akikata nene, karara ambalo lingetoa maji mwezi mzima na zaidi humalizika upesi. Akikata juujuu, kidonda huziba na maji hukoma. Hakuna kipimo cha kumfundisha mwanagenzi. Ataharibu makarara ya watu mpaka mkono ujue.

Na haya yote hufanyika juu. Minazi yetu mirefu hupita mita 20, na ngazi ni vidato vilivyochongwa shinani, kimoja kulia, kingine kushoto. Wakati wa masika shina huteleza, lakini karara lililoachwa bila kuchongwa hukauka, kwa hiyo mvua si udhuru. Mgema akianguka hana bima.

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamsifu Sultani al-Hasan bin Sulaiman kwa ukarimu na watu wake kwa dini. Juu ya wagema hakuandika neno, na sidhani kama kuna mwenyeji ambaye angempeleka mgeni wa namna ile chini ya mnazi unaogemwa. Kutoka Kilwa akatweka kwenda Dhofar, katika Oman ya leo, na huko kalamu ikamfunguka. Ameeleza jinsi watu walivyopanda minazi asubuhi na jioni, wakakata kole na kuacha urefu wa vidole viwili, wakafunga kibakuli chini yake, na kila waliporudi wakaliosha kwa maji na kulichonga kidogo kabla ya kufunga tena. Maji yale waliyapika yakawa asali, wafanyabiashara wa India, Yemeni na China wakaja kuinunua. Mgema yeyote wa Mchinga akisomewa maelezo hayo ataijua kazi yake. Tofauti inaanza kibuyu kikishafika chini.

Huku kwetu maji hayo hayapikwi, na yakiachwa hayatulii. Yana sukari nyingi, na hamira ya mwituni huyavamia yangali yanadondoka. Kwa hiyo linaloteremshwa asubuhi ni tembo tamu, lenye povu na weupe wa tui jepesi. Jioni limekuwa kali. Siku chache baadaye ni siki. Mgema huongoza mwendo huo kwa kibuyu chake. Akikiosha vizuri, utamu unakaa kidogo. Akibakiza mashapo ya jana, ukali unawahi. Hashindani na mwenye kiwanda, anashindana na jua.

Bia ya chupa nayo ina historia yake. Kampuni ya Tanganyika Breweries ilianza Dar es Salaam mwaka 1933, lakini kwa miaka mingi kuifikisha kusini kulikuwa shughuli: lori lilisubiri pantoni Mto Rufiji, na masika ikikolea barabara ilikatika. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, kreti zikapata njia. Wengi walidhani tembo limekwisha. Halikwisha, ila daraja lile halikulisaidia kwenda upande wa pili, maana hata likipakiwa Kilwa Masoko alfajiri, litakalofika Dar si lile lililopakiwa. Kinywaji kisichoweza kusafiri hakinunuliki na tajiri wa mbali, na mimi naona hiyo ni bahati ya mgema, ingawa yeye mwenyewe pengine angependa hilo lori.

Msimu wa korosho ana mshindani wa karibu zaidi. Mabibo hukamuliwa yakawa uraka, na wapo wanaoupika uraka huo kuwa gongo, jambo ambalo sheria imelikataza tangu mwaka 1966. Uraka ni mtamu, nimeambiwa, lakini hauhitaji mtu wa kupanda.

Kesi nzito ya mgema iko kwa mwenye mnazi. Karara linalogemwa halizai nazi, na nazi ndiyo wali, ndiyo mchuzi, ndiyo mafuta. Tena ugonjwa wa minazi, uliotajwa katika nchi hii tangu mwaka 1905, umeua mamilioni ya miti pwani, kwa hiyo kila mti uliobaki una watu wawili wanaouangalia. Wengine humkodisha mgema mti mmoja au miwili na kuinyima mingine kotama. Nikiwa na shamba ningefanya hivyo hivyo.

Tembo lisilonunuliwa nalo halimwagwi. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa hapa, kileo kilichogeuka siki chenyewe bila kutiwa kitu ni halali. Nyumba zisizopokea tembo hupokea siki, kwa ajili ya achari ya embe na ya ndimu, na mgema anajua aende na chupa ipi kwenye mlango upi.