Mkono wa Darubini

Mtu akimiliki darubini ya macho mawili, cha kwanza anachojivunia ni ukuzaji wake. Yangu mara 10, yangu mara 20. Na zipo za vibandani zilizoandikwa mara 100, uongo mtupu uliochapwa kwa rangi ya dhahabu. Husikii anayeuliza itabebwa na nini. Ndiyo sababu nimeona nimsifu fundi mmoja wa pande za Litein, mstaafu wa karakana ya kiwanda cha chai, ambaye maishani mwake hajasugua kioo hata kimoja. Yeye hutengeneza kibebeo.

Mkono wa binadamu hutetemeka, hata wa kijana, hata wa aliyeshiba. Darubini ya mara 7 huvumilika. Ikifika mara 10 nyota huanza kucheza. Ile ya mara 15 yenye vioo vya milimita 70 hukaribia kilo moja na nusu, na ukiishika dakika mbili tu, Mshtarii na miezi yake minne, ile aliyoigundua Galileo mwaka 1610, huwa michirizi isiyosomeka. Mtu huishusha, husema hapakuwa na kitu cha kuona, huirudisha kabatini. Kabati za nchi hii zimejaa darubini zilizohukumiwa kwa kosa la mikono.

Hapa kwetu shida imezidi kwa sababu ya mahali tulipo. Kericho iko kusini mwa ikweta kwa chini ya nusu digrii, na Bomet haijatimiza digrii moja. Wengi wa walioandika vitabu vya fani hii ni watu wa kaskazini, na huanza kwa kumwelekeza msomaji kwenye nyota ya ncha. Sisi nyota hiyo imejificha nyuma ya vilima, haituhusu. Vinono vya anga letu havipiti mbele ya macho, vinapita utosini. Mwanzoni mwa Februari, kati ya saa tatu na saa nne usiku, zile nyota tatu za mshipi wa Jabari husimama wima juu ya mashamba ya chai, na Mintaka, iliyo ya kwanza kati yao kuchomoza, hupita karibu kabisa na kilele cha anga. Nao ndio msimu wenyewe, maana miezi mingine ngurumo huanza alasiri na mvua ya mawe hufuata, ikiyachana majani ya chai ambayo yangechumwa kesho yake.

Stendi ya kamera, ambayo wengi huikimbilia, hushindwa papo hapo. Ielekeze utosini uone: miguu yake mitatu imekaa palepale ulipotaka kusimama wewe. Utapiga magoti kwenye nyasi zenye umande, utaikunja shingo, na baada ya muda utajikuta unatazama taa za mtaa wa pili.

Dawa ya fundi wetu ni mkono wa mbao. Mbao mbili ndefu zinalala sambamba, zimeungwa huku na huku kwa vipande vifupi, bolti nne kwenye pembe nne. Wanafunzi huliita umbo hilo msambamba na kulisahau wakishamaliza mtihani. Ila ni umbo lililotulisha: mizani ya duka ya zamani, yenye sahani mbili juu na mawe yake kando, imeficha msambamba tumboni, kwa kanuni aliyoionyesha Mfaransa Roberval mwaka 1669. Ndio unaoifanya sahani ipande na kushuka bila kuinama na kumwaga sukari. Kwenye mkono wa darubini kazi ni hiyohiyo. Unaposhuka, darubini hushuka nao, lakini haigeuzi uso.

Siri iko kwenye kutoboa. Fundi hapimi ubao mmoja kisha akapima wa pili. Huzibana zote mbili pamoja kwenye jiriwa na kuzipitisha keekee mara moja. Tundu likikosea, limekosea kwa zote mbili, na kosa lililo sawa pande zote halimsumbui mtu. Kati ya ubao na ubao huweka washa alizokata kwenye jerikeni kuukuu, kwa sababu plastiki juu ya plastiki huteleza pasipo kukwaruza. Nati ya kwanza huikaza mpaka mkono usite kidogo, kisha huilegeza kwa upana wa ukucha, ndipo huifungia nati ya pili juu yake isiondoke hapo. Niliuliza kama ana kipimo cha kukaza huko. Akanipa spana, akaniambia nijaribu mwenyewe.

Halafu ulinganifu. Darubini nzuri, mbele ya bawaba yake, ina kizibo kidogo cha plastiki ambacho wenye darubini wengi hawajawahi kukifungua wala hawajui kipo. Ndani yake mna tundu la skrubu ya robo inchi. Fundi huifunga darubini hapo kwa kipande cha chuma kilichopindwa kiwiko, kisha upande wa pili wa mkono huning'iniza jerikeni ya lita tano, tupu, na kuanza kumimina maji kwa kikombe cha chai. Humimina, huachia, hutazama. Darubini ikizidi, huongeza kikombe. Maji yakizidi, huyakinga kidogo na kuyarudisha kwenye ndoo. Polepole hivyo, hadi vikombe vinageuka nusu vikombe, na nusu vikombe vinageuka matone. Mwishowe huusukuma mkono kwa kidole kimoja, juu, chini, katikati, na popote anapouacha hubaki. Nilimuuliza kwa nini asitumie jiwe. "Jiwe halipunguzwi," akasema.

Yote hayo hufanywa kabla ya magharibi, kungali na nuru. Miguu ya stendi inayoubeba mkono huwekwa juu ya mawe bapa kwa sababu udongo wetu ni mwekundu na mlaini, hudidimia. Kisha ni kungoja. Jicho huhitaji karibu nusu saa ya giza ndipo liwe jicho la usiku, na mtu akiwasha simu kuangalia ujumbe, nusu saa hiyo huanza upya. Wageni wa fundi huupata ugumu hapo kuliko kwenye baridi.

Usiku nilioalikwa alikuwa ameliweka wingu la Jabari katikati ya kioo, ule ukungu ulio chini ya mshipi, ambao nuru yake husafiri kwa yapata miaka 1,300 kabla ya kutufikia. Nililitazama nimesimama wima, mikono mifukoni. Mkao huo ndio ulionishangaza kabla ya wingu lenyewe: kumbe mtu anaweza kutazama utosini kwa raha, kitu kimetulia tuli, hata zile nyota ndogo nne zilizobanana ndani ya ukungu zinaanza kuachana. Nyuma yangu alisubiri mjukuu wake, kimo chake kikinifikia kiunoni.

Kwingineko nimeona watu wazima wakimnyanyua mtoto kwapani achungulie. Mtoto anayening'inia haoni kitu; huona kope zake na pumzi yake ikitia ukungu kioo, kisha husema ameona ili ashushwe. Fundi hakumnyanyua mtu. Aliushika mkono na kuuvuta chini taratibu, jerikeni ikapanda upande wake, darubini ikafika usoni kwa mtoto. Kimya kirefu. Kisha, kwa babu yake: "Kugo, mbona halijaondoka?"

"Lingeenda wapi?" mzee akamjibu.

Mtoto akatazama mpaka alipochoka mwenyewe. Mkono ukapandishwa, nikatazama tena, na wingu lilikuwa palepale. Nimewahi kuona vifaa vya bei ya gari vinavyojigeuza kwa mota, na hakuna kimoja kilichotuheshimu hivyo mimi na mtoto wa darasa la pili kwa usiku mmoja.

Wazee wa nyanda hizi hawakuhitaji kioo, hilo nalijua. Wanandi, ndugu wa Wakipsigis wa huku kwetu, walimweleza mwandishi Hollis, aliyechapisha kitabu chake juu yao mwaka 1909, kwamba kwa kuonekana au kutoonekana kwa Koremerik, ndicho Kilimia, walijua watarajie mavuno ya namna gani. Walikuwa na giza na walikuwa na subira, vitu viwili ambavyo hakuna duka linaloviuza leo. Sasa kila kituo cha soko kina mulika mwizi, mlingoti mmoja na taa zake zinazomwaga mwanga hadi mawinguni, na mwizi bado anaiba, ila kwenye kivuli. Vijana wanaompitia fundi humwonyesha programu ya simu inayotaja jina la kila nyota. Wanayo majina yote. Hawajaona hata moja ikitulia.

Hata mikono ya watu imeanza kuhesabiwa kuwa gharama. Mashine za kuchuma chai zimeingia mashambani, na Mei 2023 baadhi yake zilichomwa moto Kericho na watu wenye hasira ya ajira. Kuchoma si jibu. Lakini anayeshangaa hasira hiyo hajawahi kumtazama mchumaji mzuri akichagua majani mawili na kichipukizi bila kuangalia vidole vyake. Mwezi mmoja kabla ya moto huo nchi ilirusha Taifa-1, na tuliishangilia kwa haki, ingawa setilaiti hiyo iliundwa itazame chini. Juu tumewaachia wachache. Susan Murabana na wenzake wa The Travelling Telescope wamezunguka shule na darubini zao, na wanafunzi hupanga foleni kweli. Ila foleni ikiisha darubini huondoka, na shule hubaki na karakana ya mbao ambayo haijaombwa kutengeneza kitu.

Fundi hana mwanafunzi. Wawili walikuja, wakataka kujua mkono mmoja unauzwa shilingi ngapi, akawatajia, wakaenda kununua bodaboda. Hawalaumu. Mimi nawalaumu kidogo.

Kinachotakiwa si kikubwa. Taa za usalama zina kazi yake, lakini zinaweza kuvishwa kofia ya bati ili mwanga ushuke kwenye geti na barabara, unakohitajika, na kofia hiyo hukatwa na fundi bati yeyote. Walimu wa ufundi wanaweza kuupa msambamba muhula mmoja. Na wewe mwenye darubini kabatini, ifungue uangalie mbele ya bawaba. Kizibo kikiwapo, tafuta skrubu ya robo inchi, mbao mbili na mtu wa kuzitoboa pamoja kabla Februari haijafika.