Sauti ya Mnyonge na Mimbari Yetu: Kuisikiliza Santuri ya Remmy Ongala Wimbo kwa Wimbo

1. Utangulizi

Kurasa za uhakiki katika majarida ya theolojia huwa ni za vitabu. Makala haya yanahakiki santuri, tena si santuri ya kwaya, bali ya bendi ya dansi. Nayo ni Songs for the Poor Man, yaani Nyimbo kwa ajili ya Mtu Maskini, iliyotolewa mwaka 1989 na Remmy Ongala pamoja na bendi yake ya Super Matimila. Huenda msomaji akauliza: mchungaji ana nini na muziki wa dansi? Jibu ni kwamba Mkristo tunayemhubiria Jumapili amekwisha kuhubiriwa na redio tangu Jumatatu hata Jumamosi. Mhubiri asiyeyajua mahubiri hayo ya wiki nzima hajui anasema na masikio ya namna gani. Hapa Sanya Juu, ambapo Mchaga, Mmeru na Mmaasai hukutana sokoni, sauti ya Remmy hutambuliwa hata na vijana waliozaliwa baada ya santuri hiyo kutoka.

Hoja yangu ni moja. Santuri hii imeitunza lugha ambayo Kanisa lilikabidhiwa katika Zaburi, kisha likaiacha iponyoke mikononi mwake, yaani lugha ya maombolezo. Kama mimbari haiwezi tena kuomboleza, mnyonge atakwenda kuombolezea kwingine, wala hatutakuwa na haki ya kumlaumu.

2. Mwimbaji na muziki wake

Ramazani Mtoro Ongala, aliyejulikana kwa wote kama Dakta Remmy, alizaliwa Kindu, mashariki ya Kongo, mwaka 1947. Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy, na baadaye akaingia Matimila, bendi iliyokuja kuitwa Super Matimila chini ya uongozi wake. Mtaani kwake Sinza mpaka kituo cha daladala kikapata jina lake. Yeye mwenyewe alijiita kwa jina jingine: Sura Mbaya.

Jina hilo lisipite bila kutafakariwa. Mnamo mwaka 1976 na 1977 vijana wa London walivuma kwa muziki uitwao panki: gitaa za kelele, sauti isiyosuguliwa, na mavazi yaliyokusudiwa kumchukiza mtazamaji. Ubaya wa sura ulikuwa tangazo lao: kwamba ulimwengu uliowanyima kazi na heshima hauna haki ya kuwadai wapendeze. Remmy hakuwa mfuasi wao, lakini alilitambua jambo hilo hilo kwa njia yake. Alilichukua neno la dharau, akajivika mwenyewe kabla hajavikwa na watu. Hata hivyo muziki wake haufanani kabisa na panki. Gitaa zake ni tamu. Zinasukana kama ukili, moja ikiongoza, nyingine ikiitikia, na besi ikiwabeba wote. Vijana wa London walizifanya hasira zao zisikike kama hasira. Remmy alizifunga hasira zake katika utamu, mtu akajikuta anacheza kabla hajatambua kwamba anachokicheza ni kilio.

Mwanafunzi wa theolojia hawezi kulisikia jina la Sura Mbaya asikumbuke Isaya 53:2, anapotajwa Mtumishi asiye na umbo wala uzuri wa kutufanya tumtamani. Sisemi kwamba mwimbaji huyu ni mfano wa Kristo. Nasema kwamba nabii alikwisha kutuonya tusipime ukweli wa neno kwa uzuri wa uso unaolisema.

3. Wimbo kwa wimbo

Sifuati mpangilio wa santuri. Nafuata uzito wa jambo.

Nasikitika. Neno hili moja, lililofanywa kuwa jina la wimbo, lingetosha kuwa somo la muhula mzima. Ni kitenzi cha nafsi ya kwanza, wakati uliopo. Haliombi radhi wala halikimbilii faraja. Katika ibada zetu neno hili halina nafasi. Tuna nafasi ya kuungama, ya kushukuru, ya kusifu na ya matangazo, lakini Mkristo aliyekuja na huzuni isiyotokana na dhambi yake hana mahali pa kuiweka. Zaburi ya 88 inaishia gizani bila neno la faraja, na bado wazee wa imani hawakuiondoa katika kitabu cha sala. Walijua kwamba kumlilia Mungu gizani ni imani tayari, kwa maana hakuna amliliaye asiyemtegemea.

Sauti ya Mnyonge. Huu ndio moyo wa santuri. Mada yake ni mtu asiyesikilizwa. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Remmy anasimama upande wa yule anayenyongwa na kuidai haki hiyo kwa ajili yake. Hapa ndipo anapomkaribia Bartimayo wa Marko 10, aliyepaza sauti kando ya njia. Tukumbuke waliomkemea anyamaze walikuwa akina nani: si maadui wa Yesu, bali umati uliokuwa ukifuatana naye. Kelele za mnyonge ziliharibu utaratibu wa maandamano yao mazuri. Naye Bwana alisimama. Kabla ya muujiza wo wote, kulikuwa na kusimama huko.

Nauliza sasa, nasi tunasimama? Kila msomaji wa kurasa hizi anazijua aina mbili za mazishi katika milima yetu. Akifa mwenye mali, magari hufunga barabara ya kijiji, wachungaji hujaa mstari wa mbele, wasifu husomwa kwa kirefu, na mhubiri hujiandaa siku mbili. Akifa asiye na kitu, hutumwa mwinjilisti, wimbo mmoja huimbwa, na udongo wa kihamba hufunikwa kabla jua halijageuka. Maneno ya liturjia ni yale yale, lakini waombolezaji hawasikii maneno peke yake. Wanahesabu pia makoti meusi na dakika. Mtu aliyesimama kwenye mazishi ya namna ya pili akirudi nyumbani akaufungulia Sauti ya Mnyonge, amepata mahubiri ambayo sisi tulimnyima.

Martin Luther, katika hoja ya 21 ya Mdahalo wa Heidelberg wa mwaka 1518, alitofautisha wanateolojia wawili. Yule wa utukufu huyabadili majina ya mambo, akauita ubaya wema; yule wa msalaba huyataja kama yalivyo. Kwa kipimo hicho mwimbaji huyu wa dansi anatushinda wengi wetu. Mnyonge anamwita mnyonge. Hamwiti mwenye kujaribiwa, wala asiyetoa sadaka ya kutosha.

Karola, Pamella, Mariam Wangu. Nyimbo hizi zenye majina ya wanawake, pamoja na Kipenda Roho, ni za mapenzi, wala sitakaa juu yake sana. Linalonigusa ni kule kuwekwa kwake katika santuri ya mtu maskini. Tumezoea kumwona maskini kama tumbo linalosubiri mahindi ya msaada. Remmy anatukumbusha kwamba maskini pia anapenda, anaona wivu, anaita jina la mtu mmoja na si jingine. Wimbo Ulio Bora haukuandikwa kwa ajili ya matajiri peke yao, na diakonia isiyolijua jambo hili huwalisha watu na kuwadhalilisha kwa mkono ule ule.

Usingizi. Jina la wimbo huu linanipeleka Mhubiri 5:12, kwamba mtenda kazi hulala usingizi mtamu, ale kidogo au ale kingi, hali shibe ya tajiri humnyima usingizi. Ni neno la kweli, lakini ni la hatari kinywani mwa aliyeshiba. Likisemwa na maskini mwenyewe ni ushindi. Likisemwa na mwajiri wake ni kisingizio cha kutoongeza mshahara. Msemaji ndiye anayeamua kama ni Injili au kejeli.

Muziki Asili Yake Wapi. Swali hili ni letu kabisa. Wamisionari wa Leipzig waliotufundisha kuimba katika milima hii walikuja na tenzi za Kijerumani, na wengi wetu tulikua tukidhani kwamba huko ndiko asili ya sauti takatifu. Lakini Luther mwenyewe alipoandika utenzi wake mashuhuri wa Krismasi, uliochapishwa mwaka 1535, aliutungia juu ya wimbo wa watu wa mitaani. Na mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, akiwa mwanafunzi wa Makumira, alitunga Mfurahini, Haleluya kwa sauti ya Kihaya, na leo Walutheri wa mabara mengine huuimba wakati wa Pasaka. Tulijifunza basi kufurahi kwa sauti zetu wenyewe. Kulia kwa sauti zetu wenyewe ndiko bado.

4. Kasoro

Mhakiki hapaswi kusifu tu. Kasoro ya kwanza ni ya santuri yenyewe. Ilirekodiwa na kutolewa Uingereza na kampuni ya Peter Gabriel iitwayo Real World, na jina lake ni la Kiingereza. Maskini anayetajwa kwenye jalada hakuwa mnunuzi. Mnunuzi alikuwa mtu wa Ulaya aliyecheza bila kuelewa neno. Ndipo kilio kinapogeuka kuwa bidhaa. Onyo hili linatuhusu nasi tunaoandika taarifa za umaskini wa sharika zetu kwa ajili ya wafadhili, kwa lugha ambayo maskini wenyewe hawaisomi.

Kasoro ya pili inaonekana katika santuri iliyofuata, Mambo, ya mwaka 1992, yenye wimbo uitwao Mrema. Wasomaji wa Kilimanjaro hawahitaji kuelezwa. Augustine Lyatonga Mrema alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani tangu 1990 hadi 1994, akahamia NCCR-Mageuzi, akawa wa pili katika uchaguzi wa rais wa 1995, na akafariki Agosti 2022 baada ya safari ndefu ya siasa yenye kupanda na kushuka. Wanyonge wengi walimtumaini. Sitaki kuihukumu nia yake. Lakini maombolezo yakitafuta jina la mtu wa kuyapumzikia, Zaburi 146:3 inasimama mlangoni. Ni hapa ambapo mhubiri wa msalaba ana neno ambalo Remmy, wakati ule, hakuwa nalo: kwamba aliyesikia kilio cha mnyonge alikiingia mwenyewe, akalia msalabani kwa maneno ya Zaburi ya 22.

5. Hitimisho

Katika miaka yake ya mwisho Remmy aliokoka, akaimba nyimbo za Injili hadi alipofariki Desemba 2010. Wako wahubiri wanaoutumia ushuhuda huo kuzizika nyimbo zake za kwanza, kana kwamba zote zilikuwa giza. Nawasihi wasifanye hivyo. Miongoni mwa hizo za kwanza umo Mambo kwa Soksi, uliohimiza kinga wakati UKIMWI ulipokuwa ukitumaliza. Radio Tanzania haikuupiga. Mtu anaweza kubishana na ushauri wake, lakini aliutaja ugonjwa wakati mimbari nyingi zikizika vijana na kusema tu kwamba waliugua kwa muda mrefu.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili kwa wachungaji na wanafunzi. Kwanza, zaburi za maombolezo zisomwe ibadani nzima nzima, bila kukatwa kabla ya kufika gizani, na waimbaji wetu wazitungie sauti za nyumbani. Pili, mazishi ya asiye na kitu yahubiriwe na mchungaji mwenyewe, kwa maandalizi yale yale na kwa urefu ule ule. Hili halihitaji azimio la sinodi wala fedha za wafadhili. Linahitaji mchungaji asimame, kama Bwana alivyosimama Yeriko, aulize jina la marehemu, na kulitamka vema.