ASL si "njia ya maskini": kupima damu ya ubongo kisha AVC

Wandugu, mu makaratasi ya IRM kuna hoja moja inarudi-rudi: ASL ndiyo njia ya nchi kama yetu, juu haiombi dawa ya kununua. Hoja tamu. Lakini isome ukiwa Kolwezi, ambapo mtoto wa SS si kitu kigeni, utaona inavuja.

Kisha AVC, munganga anatafuta sehemu ya ubongo yenye njaa ya damu ambayo bado inaweza kuokolewa. Njia ya DSC inatumia gadoliniumu: wanaichoma mu mshipa wa mkono, mashini inapiga picha mfululizo kwa dakika moja hivi, na unaona dawa inachelewa wapi. Ndiyo inatoa Tmax, kipimo cha uchelewaji. Utafiti wa DEFUSE 3 wa 2018 ulitumia Tmax ya zaidi ya sekunde 6, kwa skana au kwa IRM, kuchagua wagonjwa wa kutolewa donge la damu kati ya saa 6 na 16.

ASL haichomi kitu. Inatia alama maji ya damu shingoni kwa mawimbi ya redio, inangoja kama sekunde 2, inapiga picha, kisha inaitoa kwenye picha isiyo na alama. Tofauti inayobaki ni kama asilimia 1 tu ya ishara. Ndiyo maana inarudia kwa dakika kadhaa, na mgonjwa aliyechanganyikiwa asitingishe kichwa. Umesha kumuona mgonjwa wa AVC akitulia hivyo?

Shida kubwa ni alama kufifia njiani. Mshipa ukiziba, damu inapita vichochoro na kufika imechelewa. Alama imeisha, ASL inasema "hakuna damu" pahali ambapo damu iko, inatembea polepole tu. Kungoja muda tofauti-tofauti kunapunguza kosa hilo, hakulimalizi. Na kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi ni kilometa kama 300, Fungurume, Likasi, malori ya shaba mbele yako. Anayefika amechelewa anahitaji kipimo kinachosoma uchelewaji. Huyo, kama figo zinaruhusu, mimi ningempa DSC.

Nakosoa pia jinsi ya kulinganisha. Karatasi nyingi zinaweka DSC kuwa hakimu wa ASL. Lakini DSC yenyewe ni nzuri kwa muda, dhaifu kwa kiasi kamili cha damu. Hakimu anayeheshimiwa ni PET ya maji yenye oksijeni-15, na oksijeni hiyo inapungua nusu kila dakika 2 hivi: kiwanda chake lazima kiwe pembeni ya lopitali. Kwa hiyo "njia mbili zinakubaliana" inaweza kuwa mashahidi wawili wenye kosa moja.

Sasa watoto wa SS. Congo ni kati ya nchi tatu zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa huu, na AVC inawapiga wangali wadogo. Hesabu ya ASL inachukulia kwamba alama inaishi mu damu milisekunde 1650 kwa mashini ya Tesla 3. Hiyo ni damu ya mtu mzima mzima wa afya! Damu yenye upungufu wa chembe nyekundu inashika alama kwa muda mrefu zaidi, basi fomula inatoa mtiririko mkubwa kuliko ulivyo. Na ubongo wa SS tayari unavuta damu nyingi ili kufidia oksijeni kidogo. Mtoto akisomeka mililita 50 kwa gramu 100 kwa dakika, ripoti itaandika "kawaida", na kumbe kwake ni kidogo.

Ila kwa mtoto huyo huyo ASL inafaa zaidi, juu figo za SS zinaharibika mapema na picha zitarudiwa mara nyingi. Tunachodai ni hematokriti yake iingizwe mu hesabu. Ni kipimo cha damu cha kila siku, hata lopitali ndogo inakifanya. Je, kwenye fomu ya kuomba IRM, nafasi ya kuiandika iko?