Kuita, Kisha Kunyamaza

Mzee alipitisha msasa mara tatu kwenye ubavu wa kisanduku, akapuliza vumbi, kisha akakisogeza karibu na sikio. Akasukuma kifuniko mara moja tu. Sauti mbili zikatoka kwa mvuto huo mmoja, ya kwanza nyembamba na ya pili nzito yenye mkwaruzo, kama jike la bata mzinga aliyepotezana na wenzake msituni. Kwa masikio yangu ilikuwa ndiyo yenyewe. Yeye akatikisa kichwa. "Bado," akasema, akakirudisha kwenye rafu.

Mzee huyu ni jirani yangu, seremala mstaafu, na karakana yake iko nyuma ya nyumba kwenye vilima vya Ozark, kusini mwa jimbo la Missouri, Marekani. Kila Machi ikielekea ukingoni naacha shughuli zangu na kwenda kukaa kwenye benchi lake. Sina bunduki wala kibali cha kuwinda. Ninachofuata pale ni ufundi wa kumwita ndege mkubwa, mwoga na mwenye macho makali kuliko yangu, mpaka aje mwenyewe kwa miguu yake.

Kisanduku chenyewe ukikitazama ni kitu cha kawaida. Ni kirefu kidogo kuliko kiganja na vidole vyake, hakina upande wa juu, na mbavu zake mbili zimekwanguliwa hadi zimekuwa nyembamba sana. Kingo za mbavu hizo zimepindwa kidogo. Juu yake kuna kifuniko chenye mpini, kimeshikwa na skrubu moja upande mmoja ili kiweze kwenda kushoto na kulia, na tumbo lake limechongwa kwa mviringo kama la mashua. Kifuniko kinapoteleza juu ya ukingo, hugusa sehemu moja kwanza kisha kikabiringika kuelekea nyingine, na hapo ndipo sauti nyembamba inapovunjika na kuwa nzito. Bila mvunjiko huo hakuna jike, kuna mlango unaolia bawaba.

Mzee hutumia mwerezi mwekundu kwa mbavu na mti wa jozi, ulio mgumu zaidi, kwa kifuniko. Ubavu mmoja huuacha mwembamba kuliko wa pili. Upande mmoja ni msichana, ananiambia, na upande wa pili ni mama yake. Tumbo la kifuniko hupakwa chaki, na ni lazima iwe chaki isiyo na mafuta, kwa kuwa mafuta yakishaingia kwenye nyuzi za mbao sauti inakufa. Ndiyo maana nilipotaka kuligusa tumbo hilo kwa kidole siku ya kwanza, aliuzuia mkono wangu upesi kama mtu anayemzuia mtoto asiguse jiko.

Kazi hii ina wakubwa wake. Mwaka 1897 Henry Gibson wa Dardanelle, Arkansas, alipata hataza ya kisanduku cha namna hii, na mafundi wengi waliofuata wamekuwa wakirekebisha wazo lile lile. Neil Cost wa South Carolina alivifikisha visanduku mahali ambapo leo watu hulipa maelfu ya dola kwa kimoja alichokichonga kwa mkono wake. Na kabla ya visanduku kulikuwa na mfupa. Wenyeji wa asili wa bara hili walikuwa wakitengeneza vipenga vya kumwitia bata mzinga kwa mifupa ya bawa lake mwenyewe, na mafundi wachache bado wanafanya hivyo. Mifupa mitatu huchemshwa, husafishwa uboho, kisha huchomekwa mmoja ndani ya mwingine, mwembamba mdomoni na mpana mwishoni. Hupulizi. Unavuta hewa kwa midomo iliyobana, kama unabusu. Mzee ana kimoja, amekifunga kwa uzi mweusi kwenye maungio, na mafundi wengi hupendelea mifupa ya jike kwa wembamba wake. Nilikijaribu kwa wiki nzima kabla hakijanipa sauti moja ya kweli.

Ila chombo ni sehemu ndogo ya jambo. Ili uelewe ugumu ulipo, ni lazima ujue mambo ya ndege hawa yanavyokwenda wakati wa machipuko. Dume hulala juu ya mti. Alfajiri, kabla hajashuka, hutoa ule mlio wake wa kuviringika unaosikika bonde zima, na maana yake ni moja: niko hapa. Majike husikia, hushuka na kumfuata. Ndivyo ilivyo desturi yao. Mwindaji anakaa chini ya mti, anajifanya jike, halafu anamwomba dume avunje desturi hiyo na kumfuata yeye. Ndiyo maana anayeita sana hushindwa. Dume akisikia jike anayelialia kwa hamu, huona hana haja ya kuhangaika, kwa kuwa jike yuko njiani. Anasimama, anatanua mkia, anangoja. Anaweza kungoja hivyo saa nzima, hatua mia moja kutoka ulipo, nyuma ya mteremko usioweza kuuona.

Mzee anayajua haya tangu utotoni, tangu siku ambazo ndege wenyewe karibu hawakuwapo. Ukataji wa misitu na uwindaji usio na mipaka ulikuwa umewamaliza karibu kote Marekani, na Missouri ilipiga marufuku kuwawinda mwishoni mwa miaka ya 1930. Watu walijaribu kufuga na kuachia ndege waliolelewa kwenye mabanda, lakini hawakudumu, kwani hawakufunzwa na mama wa porini kuogopa chochote. Kilichofaa ni kuwakamata ndege wa porini wenyewe na kuwahamisha. Walimwaga mahindi uwanjani, wakaficha mizinga midogo pembeni, kisha wakafyatua nyavu juu ya kundi zima likiwa linakula. Sisi tumemwita ndege huyu bata mzinga tangu zamani bila kujua kwamba kwao aliokolewa kwa mizinga. Missouri ilianza kazi hiyo miaka ya 1950 kwenye vilima hivi vya Ozark, na mwaka 1960 ikafungua tena msimu wa kuwinda: siku 3 katika wilaya 14, na ndege waliopatikana walikuwa 94 tu. Mzee alikuwa na umri wa miaka 12. Baba yake alikwenda akarudi mikono mitupu, na mtoto alichokikumbuka ni kwamba baba alirudi na furaha, kwa sababu alimsikia mmoja.

Mwaka huu nilikwenda naye Aprili. Tulitoka saa kumi alfajiri, kukiwa na baridi ya kuumiza vidole. Kisanduku alikuwa amekiviringishia mpira na kuweka kitambaa kati ya kifuniko na mbavu ili kisilie tukitembea. Hakuvaa chochote chekundu, cheupe wala cha buluu, na alinikagua mimi pia mpaka soksi, maana hizo ndizo rangi za kichwa cha dume, na mwindaji mwingine mwenye pupa anaweza kuona rangi kabla ya kuona mtu. Tulikaa chini ya mwaloni mpana kuliko mabega yetu, migongo ikiegemea shina, nyavu usoni.

Kwanza alimwiga bundi. Kwa mdomo tu, sauti nane za kifua, kama bundi wa misitu hii wanavyoulizana usiku. Dume aliyeko mtini huitikia mlio wa bundi bila kukusudia, kama anavyoitikia radi au kunguru. Hapo mtu hajamwita bado, amemfanya ajitaje mahali alipo. Naye akajitaja, upande wa mashariki, kama hatua mia na hamsini.

Mzee akangoja. Kulipoanza kupambazuka akafungua mpira, akasugua kifuniko polepole, milio mitatu laini kama ya jike anayeamka. Dume alimkata kauli kabla wa tatu haujaisha. Moyo wangu ulikuwa unapiga mpaka nikahisi koo. Nilikuwa na kisanduku cha kujifunzia mkononi, na mkono ukaanza kwenda wenyewe. Mzee akaweka vidole viwili juu ya kiwiko changu.

"Mwache," akanong'ona. "Ameshakusikia. Ukimwita tena, atakaa palepale akusubiri."

Dume alishuka. Tulimsikia akinguruma ardhini, mara mbili, mara tatu, kisha akawa anakwenda mbali. Majike halisi walikuwa wamemfikia. Mmoja alipita karibu nasi, hatua ishirini hivi, akiita kwa sauti ya uzee iliyokauka, yenye mpasuko katikati. Nilidhani mzee ataweka macho kwenye bunduki. Aliyafumba. Alikuwa anasikiliza, na midomo yake ilikuwa inasogea nyuma ya wavu.

Baada ya hapo, hakuna kitu kwa saa moja na dakika arobaini. Jua lilipanda. Mguu wangu wa kushoto ulikufa ganzi. Ndege huyu ana macho pembeni mwa kichwa, na akigeuza shingo kidogo tu anaona pande zote. Wawindaji husema angekuwa na pua nzuri pia, asingepatikana hata mmoja. Kwa hiyo hujikuni, humfukuzi mdudu. Mara mbili tu katika muda wote ule mzee aliguna kwa kisanduku, sauti moja fupi, kama jike anayeparua majani akitafuta chakula na kutaja yupo. Nilichokiona asubuhi ile ni kwamba kimya chake hakikuwa mapumziko kati ya milio. Kazi yenyewe ilikuwa ndani ya kimya, na milio iliwekwa humo kwa kipimo cha chumvi.

Nyumbani Afrika Mashariki tunao watu wanaozungumza na ndege wa porini, nao hawafanyi mchezo. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi humpigia mluzi ndege anayeongoza watu kwenye asali. Wayao wa Niassa, Msumbiji, humwita kwa mtetemo wa ulimi unaoishia kwa mguno, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mlio huo hupandisha uwezekano wa kuonyeshwa mzinga wa nyuki kutoka asilimia 16 hadi 54. Pale ndege na mtu wote wanafaidi. Hapa mmoja anadanganywa na kufa, na sitaki kulifunika jambo hilo. Lakini masikio yanayohitajika ni yale yale, na miaka ya kuyanoa ni ile ile. Ndiyo maana inaniuma kuona siku hizi watu wanaojificha nyuma ya mkia wa ndege uliotanuliwa na kutambaa kumwendea dume, au wanaofyatua marisawa ya tungsteni kutoka mbali kiasi ambacho hakuna haja ya kumwita kabisa. Wanampata ndege, na kuna kitu hawatakaa wakijue.

Kisha nikahisi kitu kifuani kabla sijakisikia. Ni mtetemo wa chini kabisa, kama gari zito linalopita barabara ya mbali. Dume akitanua mkia na kushusha mabawa hutoa mlio huo, na hausikiki ila akiwa karibu sana. Alikuwa amerudi peke yake, bila kunguruma hata mara moja. Kilitokea kichwa kwanza juu ya mteremko, cheupe utosini, chenye buluu pembeni mwa macho, na shingo nyekundu kama kidonda. Kisha mwili mzima, mweusi mpaka jua lilipoupiga, nao ukageuka shaba na kijani. Mabawa yalikuwa yanakwaruza majani makavu. Alimtafuta jike aliyemsikia, akasimama, akatazama mti wetu kwa muda ambao kwangu haukuisha.

Mzee hakupiga. Dume akiwa ametanuka, shingo imejikunja ndani ya manyoya, na risasi humjeruhi tu. Akatoa mguno mmoja, safari hii kwa kipande cha mpira cha kuitia alichokuwa nacho mdomoni. Dume akanyoosha shingo kutazama. Hatua ishirini na nane, tulizipima baadaye. Bunduki ikalia mara moja.

Mzee hakuinuka mbio. Alikwenda akapiga goti, akaweka kiganja kwenye manyoya ya kifua, akakaa hivyo kwa kitambo bila kusema. Kisha akanionyesha ile kucha ya nyuma ya mguu, kama ya jogoo, yenye urefu wa zaidi ya inchi na iliyochongoka. Ndege mtu mzima, aliyeshuhudia misimu mitatu au zaidi na kuwashinda walioita vibaya.

Tulirudi nyumbani kwake. Alitoa taarifa ya ndege wake kwa simu kama sheria inavyotaka, akamtundika kivulini penye baridi, na nikadhani tutaanza kunyonyoa. Badala yake aliingia karakana na viatu vyenye matope, akachukua kile kisanduku alichosema bado. Akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akachukua msasa na kukwangua ubavu wa "mama", karibu na mwisho, mara mbili tu, kwa wepesi wa mtu anayefuta jasho la mtoto. Akapaka chaki. Akasukuma kifuniko.

Ilitoka sauti iliyokauka, yenye mpasuko katikati. Nilimjua jike yule hapo hapo.

Mzee akasikiliza mpaka mwangwi ukaisha. Kisha akakigeuza kisanduku, akachukua penseli iliyokuwa nyuma ya sikio lake, akaandika tarehe kwenye kitako.