Hongera, Wachoraji wa Lipu ya Kilwa

Pongezi zangu ni kwa wachoraji ambao majina yao hatunayo: waliochora vyombo vya baharini kwenye kuta za magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Kalamu yao ilikuwa ncha kali, na karatasi yao lipu ya chokaa ya matumbawe yaliyochomwa. Mstari ukishakwaruzwa pale haufutiki. Hata hivyo wameweka mlingoti, tanga na kamba, kila kimoja mahali pake. Mambo hayo hayachoreki kwa kukisia. Ni kazi ya mtu aliyekitazama chombo hadi akakijua, na kutazama namna hiyo ndilo somo la kwanza la uchoraji, liwe la chuo cha Makerere au cha London.

Peter na Margaret Garlake walichapisha utafiti juu ya michoro hii ya pwani mwaka 1964. Mitepe, vyombo vya kushonwa kwa kamba, imetoweka baharini. Kwa hiyo michoro hii ni miongoni mwa ushahidi mchache wa sura ya vyombo vya kale. UNESCO iliyaingiza magofu hayo katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Natamani walimu wa sanaa wa Lindi wawapeleke wanafunzi huko na penseli, wakae mbele ya ukuta, wachore.