Dakika 10 za Southwest

Mwaka 1972 shirika la ndege la Southwest, la Texas, Marekani, lilikuwa na ndege nne na uhaba mkubwa wa fedha. Safari zake zilikuwa zimeanza Juni 1971 tu. Ili lijikimu, liliuza ndege moja, zikabaki Boeing 737 tatu. Ratiba ya Dallas, Houston na San Antonio, hata hivyo, uongozi haukutaka kuikata. Bill Franklin, aliyesimamia shughuli za ardhini, akatoa agizo: ndege ikishafika getini, iwe imeondoka ndani ya dakika 10.

Tuipigie hesabu kwa mfano. Tuseme ndege inaruka dakika 50 na kukaa chini dakika 30. Kila safari inakula dakika 80, kwa hiyo ndege nne kwa saa 12 zinafanya safari 36. Ukipunguza muda wa kukaa chini hadi dakika 10, safari inakula dakika 60, na ndege tatu zinafanya safari zilezile 36. Angani hakuna aliyeongeza mwendo hata kidogo.

Walifanyaje? Wengi husifu bidii ya wafanyakazi, na ni kweli walijituma: wahudumu wa ndani waliokota takataka wenyewe badala ya kungoja wasafishaji. Lakini bidii peke yake isingefika mbali. Ushindi mkubwa ulitokana na kazi ambazo hazikuwapo kabisa. Chakula hakikuwapo, hivyo hapakuwa na gari la jikoni la kusubiriwa. Abiria hawakupangiwa viti, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na sababu ya kuwahi, na hakuna aliyebishania namba ya kiti huku foleni imesimama. Mizigo haikuhamishwa kwenda mashirika mengine. Na kwa kuwa ndege zote zilikuwa za aina moja, fundi na mpakiaji walijua kila mlango na kila kifuniko bila kuuliza.

Mwaka 1973 Southwest lilipata faida yake ya kwanza.

Ni kwenye kazi hizo zisizokuwapo ndipo walioiga mbinu hii walipojikwaa. Mwaka 1993 shirika la Continental lilianzisha huduma ya Continental Lite: likaondoa chakula, likashusha nauli, likaongeza safari. Lakini katika safari zake nyingine liliendelea kuwa shirika la kawaida, lenye kupanga viti na kuhamisha mizigo ya abiria wanaounganisha ndege. Ndege ya Lite ikawa inachelewa kwa sababu ya mzigo wa ndege nyingine. Huduma hiyo ilifungwa mwaka 1995. Walichukua agizo la kuharakisha, wakaacha zile kazi zinazochelewesha mahali pake. Naamini hilo ndilo kosa la kampuni nyingi hadi leo: zinamsukuma mfanyakazi akimbie, ilhali fomu, sahihi na vibali vinavyomkwamisha havijaguswa.

Kwa hiyo wewe mwenye basi, lori au karakana, usianze kwa kumgombeza dereva. Kaa stendi au bohari siku nzima ukiwa na saa mkononi, andika kila jambo linalofanyika mali yako ikiwa imesimama, kisha uulize ni lipi linaweza kufutwa moja kwa moja. Ukishalifuta, ndipo umdai dereva dakika zake.